Mnaocheka Maduara, Shikeni Brashi Kwanza



Tumechoka na maneno haya: "Hiyo nayo picha? Hata mtoto anachora." Na jengine: "Mnaiga tu." Cheko hilo limemfanya mwanafunzi wetu mmoja afiche karatasi zake chini ya cherehani. Leo tunajibu.

Tulichoiga ni "Prismes électriques", picha ya Sonia Delaunay ya mwaka 1914, iliyotokana na mwanga wa taa za umeme za Paris. Inatawaliwa na maduara ya rangi yaliyokatwakatwa. Kwa hivyo hata asiyetaka kuchora viumbe hai hana udhuru.

Ya kwake ina mita mbili na nusu kila upande. Yetu ina sentimita 60 tu, na ilitutoa jasho. Duara tulilipata kwa kufunga penseli kwenye uzi. Tukapaka rangi ya chungwa kabla buluu ya pembeni haijakauka. Zikaingiana, zikawa tope. Tukaanza upya. Hapo tukaona kwa macho yetu: rangi hung'ara kwa jirani yake. Ya chungwa ikikaa na buluu, zote mbili zinawaka. Ikikaa na nyekundu, inapoa. Je, mtoto angeyajua hayo?

Na kuiga? Nani kati yetu alijifunza kukata gauni bila kufuata mkato wa mwalimu? Kuiga ili ujifunze si kosa. Kosa ni kuiga kazi ya mwenzio, ukasema umebuni wewe, kisha ukamuuzia biharusi. Hiyo ni khiyana, na kwenye magauni ya harusi tunaiona kila msimu. Sisi nyuma ya picha tumeandika jina la mwenyewe, na haiuzwi.

Tena huyo Sonia mwaka 1911 alimshonea mwanawe mchanga blanketi la vipande vya nguo, na kutoka vipande vile akaendelea na picha za aina hii. Baadaye akabuni vitambaa na mavazi. Basi mshonaji asiambiwe sanaa si yake.

Siku hizi biharusi akituletea kitambaa, tunapanga rangi mezani kwanza, ndipo tunakata. Hilo tumelipata kwenye maduara mnayoyacheka.

Mwanafunzi wetu, toa karatasi zako. Atakayecheka, mpe brashi.