BARABARA MPYA, NA WATU WAENDE WAPI?



Wengi kati yetu husema: pahali penye barabara pana maendeleo. Ni kweli, hatukatai. Mgonjwa anafika upesi hospitali, makaa yanafika sokoni, na mihogo inafika bila kuoza njiani. Lakini tunauliza: watu waliokuwa wakikaa pale barabara inapopita, wao waende wapi?

Tutazame Nairobi, katika mtaa wa Kibera. Tarehe 23 mwezi wa Saba 2018, mashine zilibomoa nyumba ili barabara ipate kuunga Ngong Road na Lang'ata Road. Watetezi wa haki walisema ya kuwa watu karibu 30.000 walikosa makao. Masomo vilevile yalibomolewa, watoto wakabaki bila darasa katikati ya mwaka. Na kazi ya kuhesabu jamaa ilikuwa imeanza, lakini mpango wa kuwahamisha ulikuwa haujaisha. Mashine zilitangulia kalamu.

Wengine watasema: mji hauwezi kujengwa bila kubomoa. Hapana, shida si kubomoa tu. Katika Kibera ileile kuna watu waliokaa karibu sana na reli. Pale walihesabiwa kwanza, nyumba na maduka yakajengwa kando, ukuta ukawekwa, kisha wakahamia. Kazi ilichukua miaka mingi, ndiyo, lakini mtu alijua pa kulala. Basi inawezekana.

Hapa kwetu Kongo sheria iko. Katiba ya 2006, kipengele cha 34, inasema ya kuwa mtu hawezi kunyang'anywa mali yake ila kwa faida ya wote, na malipo ya haki yatolewe mbele. Mbele, si kisha! Lakini tufikiri juu ya mpangaji asiye na karatasi ya parseli, na mama anayeuza mikate juu ya meza kando ya njia. Katika hesabu ya malipo, hao ndio wanaosahauliwa upesi. Mwenye parseli akilipwa, anajenga pengine. Mama wa meza akifukuzwa, anapoteza wanunuzi wake wote, na sisi watoto wake tunafukuzwa masomoni sababu ya minervali.

Kwa hiyo tunaona ya kuwa kila mradi wa barabara ujibu maulizo matatu kabla ya mashine kuwashwa: Nani wamehesabiwa, hata wapangaji? Malipo yanatolewa siku gani? Watoto watasomea wapi?

Tunawaomba walimu wa jiografia na wa sivisme watusaidie kuchora ramani ya kartie yetu: nyumba, meza za soko, bomba za maji, masomo. Siku wapimaji watakapofika na rangi nyekundu, tusiwe watu wa kulia tu. Tuwe na hesabu yetu mkononi.

Sisi wanafunzi wa mwaka wa tano