Mashauri kwa Jamaa: Mipira ya gari ichaguliwe kwa njia, si kwa macho

Wababa watatu wa parokia moja ya mlimani, huku kwetu Kivu, wametuletea swali. Jamaa zao tatu zilichanga fedha, zikanunua kamioneti moja kwa shirika. Kamioneti hiyo hupeleka maharagwe, mihogo na mafuta ya mawese sokoni. Jumapili huwachukua wazee kwenda Misa. Na mara nyingine usiku humshusha mama mwenye uchungu wa kuzaa mpaka hospitali ya mjini. Sasa mipira yake imekwisha meno, na mvua ya Septemba yakaribia. Baba wa kwanza ataka mipira ya matope, yenye meno makubwa. Wa pili ataka ile iitwayo ya njia zote. Wa tatu asema: «Tununue iliyo rahisi, mipira yote ni mipira tu.» Fedha iliyo mkononi yatosha kununua mara moja tu, kwa kuwa nyingine ni karo ya shule ya watoto. Basi wachague nini?

Kwanza tufahamu tofauti yake. Mpira wa matope una meno mapana yaliyoachana mbali. Gurudumu likizunguka, matope yaliyoingia katikati ya meno hutupwa nje, na jino linalofuata huja safi, likauma udongo upya. Mpira wa njia zote una meno madogo yaliyokaribiana, tena yenye vipasuo vyembamba juu yake. Ukitaka mfano, mpira wa matope hushika kama jembe, kwa kuchimba. Mpira wa njia zote hushika kama wayo wa mguu, kwa kugusa mahali pengi kwa mara moja.

Kumbe, jembe ni zuri shambani, lakini sakafuni halishiki kitu. Vivyo hivyo mpira wa matope ukifika penye lami. Sehemu ya mpira inayogusa njia ni ndogo, na lami ikilowa mvua, gari huchelewa kusimama. Zaidi ya hayo, meno yale hupiga kelele, huliwa upesi na lami, na injini hunywa mazuti zaidi ili kuyazungusha.

Jambo hili hatukulisoma tu, tumeliona. Jioni moja ya mvua tulikuwa katika gari lenye mipira ya matope, tukimleta mgonjwa mjini. Katika udongo mwekundu tulipita mahali ambapo magari mengine yalikuwa yamelala, nasi tukaisifu mipira yetu kwa sauti kubwa. Baada ya saa moja tulikuwa tukishuka mtelemko wa lami. Mtoto akakimbia mbele yetu akifuata mbuzi wake. Dereva alikanyaga breki kwa nguvu zote, magurudumu yakakwama, lakini gari likaendelea kuteleza. Lilisimama hatua moja tu mbele ya mtoto. Tulimshukuru Mungu, wala hatukuisifu tena mipira siku ile.

Basi, je, mipira ya matope ni mibaya? Hapana. Ubaya ni kuchagua bila kuhesabu. Bwana wetu alitufundisha juu ya mtu atakaye kujenga mnara: yampasa kuketi kwanza na kupiga hesabu. Nanyi wababa watatu, ketini, mkatwae karatasi. Andikeni safari za juma zima: kilometa ngapi za lami, ngapi za changarawe na mawe, ngapi za matope kweli. Kisha hesabuni miezi. Katika milima yetu mvua hunyesha tangu Septemba mpaka Mei, na kiangazi ni Juni mpaka Agosti. Lakini hata wakati wa mvua mtaona pengine kwamba matope mazito yamo mahali pachache: bonde moja, mlima mmoja, kivuko kimoja. Kuna njia nyingine, kama ile ya kushuka Mwenga na Kamituga, ambako siku za mvua matope humfuata msafiri kilometa nyingi. Kila mtu aihesabu njia yake mwenyewe, si ya jirani.

Kumbukeni pia kwamba kamioneti yenu husukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Mpira mkali hauwezi kuigeuza kuwa jipu la magurudumu manne. Na pale ambapo malori yamechimba mifereji mirefu, tumbo la gari likikaa juu ya udongo, magurudumu hubaki kuzunguka bure, hata yangekuwa na meno ya mamba. Hapo wenye kuokoa ni koleo, mbao mbili, minyororo ya kufunga magurudumuni, na majirani wenye moyo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawaliangalii: nambari zilizoandikwa ubavuni mwa mpira. Tuseme mwasoma 195 R 15 C, na baadaye 106/104. Ile 195 ni upana kwa milimita. 15 ni kipimo cha chuma cha gurudumu kwa inchi. Herufi C yaonyesha mpira uliotengenezwa kwa gari la mizigo. Nambari 106 maana yake ni kwamba mpira mmoja waweza kubeba kilo 950. Na 104 ni kilo 900, pale ambapo mipira miwili hufungwa pamoja upande mmoja. Hivyo mipira minne haipaswi kupita kilo 3,800, pamoja na uzito wa gari lenyewe, watu na magunia. Na ikiwa kibao cha gari chataja uzito mdogo zaidi, kibao ndicho cha kutiiwa. Mipira mingi ya matope hutengenezwa kwa majipu, wala si yote iwezayo mzigo wa kamioneti. Msinunue kamwe mpira wenye nambari ya mzigo iliyo chini ya ile iliyoagizwa kwa gari lenu.

Wala msidanganywe kutia mipira mikubwa kuliko ilivyoagizwa. Itasugua mwili wa gari mkikata kona, na saa ya mwendo itasema uongo: mpira ukizidi kimo kwa sehemu 5 katika 100, saa yaonyesha kilometa 60, kumbe mwaenda 63.

Kwa baba wa tatu twasema hivi. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani bila kazi. Tafuteni ubavuni herufi DOT; mwisho wake mna tarakimu nne. Zikiwa 2319, mpira ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Ukiwa mzee na ubavu wake una nyufa, uacheni, hata bei ikiwapendeza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa mpira hauzibiki.

Shauri letu ndilo hili. Kwa kuwa kamioneti yenu hushuka mjini kila juma, na matope yenu ni ya mahali pawili, nunueni mipira minne ya njia zote, mipya, ya aina moja, pamoja na minyororo na koleo. Jamaa ambayo gari lake hulala na kuamka katika matope ya msituni, hiyo itwae mipira ya matope, lakini ikifika kwenye lami iende polepole na kuacha nafasi kubwa mbele. Watu wote wapime upepo asubuhi, mipira ikiwa baridi. Penye matope yaweza kufaa kuupunguza kidogo. Mkisha kutoka, rudisheni upepo mara moja, maana mpira mlegevu wenye mzigo hupata moto na kupasuka.

Vijana hupenda mipira yenye meno makubwa kwa sababu gari huonekana kama simba. Lakini mama mwenye uchungu aliyelazwa nyuma hautazami uso wa gari. Ataka kufika, na mtoto anayevuka njia ataka gari lisimame.

Nanyi wanafunzi, kesho mwendapo shuleni, someni nambari za mpira wa gari mtakaloliona limesimama. Mwulizeni dereva kwa adabu mzigo wake ni kilo ngapi, mkafanye hesabu. Huenda mkamsaidia kuliko mnavyodhani.