Siri mbili, damu moja

Wiki hii ni zamu ya masista duu, ila mabraza msicheke, linawahusu pia.

Mitaani kwetu kuna vidonge vinauzwa kimyakimya vya "kuongeza mwili". Wiki chache tu, mashavu hayo! Wengi hawajui kwamba baadhi ya vidonge hivyo ni deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Daktari huitoa kwa ugonjwa, siyo kwa ajili ya shepu.

Sasa balaa linaanza kama mnunuzi anatumia ARV za kundi la vizuizi vya protiezi, kama lopinaviri au atazanaviri, ambazo hapa kwetu hupewa zaidi wale ambao dawa za mwanzo zimegoma. Ndani ya ini kuna kimeng'enya, CYP3A4, kazi yake kuvunjavunja dawa. Dawa hizo huambatana na ritonaviri, ambayo hukipiga breki kimeng'enya hicho ili mwenzake adumu kwenye damu.

Deksamethasoni ikitumika siku nyingi hufanya kinyume: hulichochea ini litengeneze kimeng'enya hicho kwa wingi. ARV inaweza kupungua kwenye damu, virusi vikapata mwanya, usugu ukaingia. Na mtu hajaruka hata dozi moja!

Steroidi nayo, kwa breki ile ya ritonaviri, inajazana mwilini. Uso unakuwa mviringo kama mwezi, tumbo linatoka, miguu inakonda, sukari inapanda. Tezi zilizo juu ya figo zinalala. Siyo vidonge tu: hata pampu ya pumu yenye flutikasoni imeshawafanyia watu hivyo, ndiyo maana madaktari hupendelea beklometasoni.

Kinachoniuma ni siri. Dada anamficha nesi vidonge vya shepu, halafu anamficha muuza dawa kwamba yuko kwenye ARV. Kila mmoja anajua nusu, ini peke yake ndilo linajua yote. Shoga yangu mmoja akaniambia, "Nikimwambia nesi atanisema." Nikamjibu, "Akuseme, kwani kusemwa kunaua?"

Kwa hiyo tia vyote mkobani, vidonge, krimu na pampu, kamwonyeshe daktari. Na kama umeshavizoea vidonge hivyo, usiviache ghafla bila yeye. Tezi zilizolala haziamki kwa siku moja.

Tukijaaliwa, wiki ijayo!