Bima inauliza kuta za nyumba, haiulizi nauli ya mtoto

Tuseme ni alasiri, umekaa barazani Mkomani, na shangazi yako amekukabidhi simu yake. "Hebu nisaidie mwanangu, maswali haya yananichanganya." Mmebonyeza *147#, mmeshajisajili SHA, na sasa mmefika pale pa kupima uwezo wa familia. Miongoni mwa maswali kuna hili: kuta za nyumba yenu zimejengwa kwa nini?

Unainua macho. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake ni kama mkono mzima. Aliyeujenga hata jina lake hamlijui vizuri. Shangazi anakaa chumba kimoja cha chini. Vya juu ni vya warithi, wengine wako Mombasa, wengine Uarabuni, na boriti mbili za dari zimeoza hakuna wa kuzibadilisha. Kuiuza hawezi. Kuibomoa ajenge kijumba kidogo cha bei rahisi pia hawezi, manake mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na kila jiwe lina wenyewe. Riziki yake ni mahamri ya asubuhi. Na humo ndani, juu ya mkeka, yumo mwanawe wa miaka sita mwenye mtindio wa ubongo, ambaye hajawahi kutembea.

Sasa utajibu nini? Utajibu mawe. Ndiyo kweli.

Nimeanza na ukuta kwa sababu hapo ndipo bima ya afya ya Kenya na familia ya mtoto mwenye ulemavu zinapopishana, na kwetu Lamu zinapishana vibaya zaidi. Utaratibu wenyewe uko hivi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, hata hasikii. Asiyeajiriwa, yaani mvuvi, nahodha, mchukuzi wa punda, mama wa mahamri, anapimwa uwezo kwa maswali ya nyumba, choo, maji, vyombo na mali, kisha anakisiwa kipato chake. Atalipa asilimia ile ile ya kipato hicho cha kukisia, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Tena halipi mwezi kwa mwezi. Analipa mwaka mzima kwa mpigo: 3,600 kwenda juu.

Tuseme ukweli, si kila kitu kimeharibika. Wakati wa NHIF asiyeajiriwa alikuwa akilipa 500 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni 6,000, kwa hiyo kima cha chini kimeshuka. Ukishajisajili, matibabu ya zahanati na kituo cha afya hayadai mchango wako, yanalipwa na Hazina ya Afya ya Msingi. Na mwaka 2025 ukaja mpango wa Lipa SHA Pole Pole ili watu waweze kugawanya malipo. Ni sawa. Lakini ukivuka kiwango cha kituo cha afya, ukafika hospitali ya kaunti kama King Fahd hapa Lamu, au ukapewa rufaa ya Mombasa, hapo ndipo inaangaliwa kama mwaka wako umelipwa. Na mtoto wa shangazi haponi zahanati.

Bima nyingi, si hii peke yake, zimetungwa zikimfikiria mtu anayeugua, akatibiwa, akapona, akarudi kazini. Malaria. Mguu uliovunjika. Uzazi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hayuko hivyo. Yeye anahitaji kunyooshwa viungo wiki baada ya wiki, na akiachwa miezi kadhaa misuli inakaza na viungo vinajipinda, kazi inaanza upya au haianzi tena. Kama ana kifafa, dawa ni ya kila siku, na kuikatiza ghafla kwaweza kuleta mshtuko mkubwa kuliko wa kwanza. Anahitaji mtu wa kumfundisha kumeza vizuri asipaliwe na uji. Kisha kuna mambo ambayo hakuna hospitali inayoyaandika: nepi za mtoto mkubwa, mgongo wa mama unaoharibika kwa kumbeba, na siku za kazi zinazopotea.

Halafu nauli. Wewe uliyezoea Nairobi au Mombasa, ambako matatu inakushusha karibu na lango la hospitali, hebu hesabu safari hii. Boti kutoka Lamu hadi Mokowe. Basi kupitia Witu, Garsen, Malindi, mpaka Mombasa, zaidi ya kilomita 300. Mtoto hawezi kukaa peke yake, kwa hiyo kiti chake kinalipiwa. Mama ni kiti cha pili. Anayesaidia kubeba ni cha tatu. Kwenda na kurudi ni nauli sita, bado mahali pa kulala na chakula, na daktari anaweza kusema mrudi mwezi ujao. Kadi ya bima, hata iwe imelipwa mpaka senti ya mwisho, nauli ya basi hailipi.

Kiti cha magurudumu nacho kina visa vyake. Watu wakisikia mtoto hatembei, wa kwanza anataja kiti. Sasa kipitishe kwenye vichochoro vya Mkomani, penye ngazi kila nyumba, mifereji katikati, na punda wawili wenye mizigo wanaokuja upande wako. Viti vingi vimetengenezewa sakafu laini. Nimeona kimoja kimegeuzwa kuwa pahali pa kuanikia nguo, na sikumlaumu mwenye nyumba.

Labda unajiuliza watoto hawa ni wangapi mpaka tushughulike hivi. Sensa ya 2019 ilisema asilimia 2.2 ya Wakenya wana ulemavu. Ya 2009 ilisema 3.5. Si kwamba watu walipona. Namna ya kuuliza ndiyo ilibadilika. Na ile asilimia 2.2 ilihesabu watu wa miaka mitano kwenda juu tu. Yaani mtoto wa miaka miwili, ambaye ndiye tiba ya viungo ingemsaidia zaidi kwa sababu bado mdogo, kwenye hesabu hiyo hayumo. Ongeza wale wanaofichwa ndani kwa aibu, wageni wakija mlango wa chumba unafungwa. Wapo, unajua wapo. Huenda unamjua mmoja na hujawahi kumwambia rafiki yako kwamba ni ndugu yako.

Familia ina njia gani basi? Ya kwanza ni Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mtoto anapimwa kwenye hospitali iliyoidhinishwa, anapata ripoti, anasajiliwa. Usajili huo ndio mlango wa vifaa vya kumsaidia na mambo mengine mengi, na wazazi wengi hawajaupita kwa sababu hakuna aliyewaambia. Ya pili ni Inua Jamii, ambayo ina kitengo cha wenye ulemavu mkubwa: shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya. Imebaki 2,000 kwa miaka mingi huku bei ya unga na mafuta ikipanda bila kuiuliza. Ya tatu, bima za kibinafsi, sina mengi ya kusema. Nyingi huweka mipaka kwa hali ya kuzaliwa nayo, na bei yake si ya mama wa mahamri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, unakataza kwenye kifungu cha 25 kumbagua mtu katika bima ya afya kwa sababu ya ulemavu wake. Karatasini pamenyooka.

Jirani zetu Tanzania walijaribu njia nyingine, Toto Afya Kadi: unamkatia bima mtoto peke yake, shilingi 50,400 za kwao kwa mwaka, bila kumsubiri baba apate kazi. Wazo zuri sana. Shida ikawa wazazi wengi walikata kadi pale tu mtoto alipougua, mfuko ukaelemewa, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, watu wakaelekezwa wasajili watoto kupitia shule. Jiulize, mtoto ambaye shule haikumpokea angeingia kwa mlango gani? Baadaye kadi ilirudishwa. Kwangu mimi funzo ni kwamba mtoto mwenye ulemavu hawezi kuachiwa mfuko unaotegemea watu kuingia kwa hiari. Yeye atakuwa wa kwanza kuingia kila mara, na wa kwanza kulaumiwa kwamba ni mzigo.

Kwa hiyo nasema hivi, na unaweza kunipinga: mtoto akishapimwa na kusajiliwa na Baraza kuwa ana ulemavu mkubwa, usajili huo pekee utoshe. Kaya yake ilipiwe SHA na serikali tangu siku hiyo. Asiulizwe mtu kuta, asiulizwe choo. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 tayari inasema wasiojiweza watalipiwa na serikali, na Oktoba 2025 ulizinduliwa mpango wa kuwalipia watu wapatao milioni 2.2. Mlango upo. Ninachotaka ni kwamba ulemavu wa mtoto uwe ufunguo wa moja kwa moja. Jiwe la babu lisihesabiwe kana kwamba linaweza kuvunjwa likauzwa sokoni.

Utaniambia, na mtoto wa tajiri je? Naam, naye. Tajiri mwenyewe mshahara wake unakatwa asilimia 2.75 bila kuulizwa, kwa hiyo ameshalipa. Na ukianza kuwachuja matajiri wachache utajikuta umetunga maswali mengine arobaini, na shangazi atakuwa bado amekushikisha simu.

Lakini kulipiwa bila huduma kuwa karibu ni nusu ya kazi. Kaunti inaweza kupeleka mtaalamu wa tiba ya viungo kwa boti, kwa ratiba inayojulikana, Mkomani wiki hii, Matondoni ijayo, na Faza na Kiunga zisisahauliwe. Mtaalamu mmoja akisafiri ni nauli moja. Watoto ishirini wakisafiri, piga hesabu mwenyewe mara tatu. Na akifika amfundishe mama mazoezi ya nyumbani, ili yasisimame akiondoka.

Sasa nawe unayesoma kwenye simu, uko Nairobi, Kisumu, labda Doha. Usisubiri kaunti. Ukoo mwingi wa Kiamu nilioujua una grupu la WhatsApp lenye watu arobaini, linalokwisha bando kwa picha za harusi. Watu arobaini wakitoa shilingi 90 kila mmoja, mara moja kwa mwaka, ni 3,600 kamili. Ndiyo kima cha chini cha mwaka mzima cha kaya moja. Tumezoea kuchanga mtoto akishalazwa, usiku, kwa hofu, na kwa pesa mara kumi ya hizo.

Kabla ya kutuma, hakikisha mambo haya. Usimtafutie mdogo wako nafasi kwenye kadi yako ya kazini ilhali yeye yuko Lamu na mama. Sheria inamtambua mwenye ulemavu anayemtegemea mchangiaji kabisa na kuishi naye, kwa hiyo lipia kadi ya mama na yeye aandikwe humo. Na usikubali mtu akuambie akitimiza miaka 21 anatoka. Kikomo hicho ni cha watoto wengine. Mwenye ulemavu anayetegemea na kuishi na mchangiaji anabaki, hata akiwa na thelathini. Kiwango walichokisiwa kikiwa kikubwa kuliko kipato, ombeni kipitiwe upya, kwa maandishi, mkieleza nyumba ni ya warithi wangapi na nani hasa anaishi ndani. Tunza nakala. Piga picha ripoti ya daktari na kadi ya Baraza uziweke kwenye simu yako pia, manake karatasi za Lamu hulowa chumvi na kuliwa na mchwa.

Ukimaliza, muulize shangazi tarehe mwaka wa bima unapokwisha. Iandike kwa penseli pale karibu na kidaka, anapoweka kibiriti na tasbihi yake, na kwenye simu yako uweke kengele mwezi mmoja kabla.