Karatasi moja, mto katikati: KCSE ukiifanyia Ndera

Kila Januari sinema ni ile ile. Waziri wa Elimu anasimama, anasoma takwimu, na kabla ya jioni simu yako imejaa vijana wamebebwa juu juu kwenye shule zile zile ambazo hata mtoto wa nasari anazijua majina. Halafu kwenye grupu mtu anauliza, "Na huko kwenu Tana River mumepata ngapi?" Vinafuata vikatuni vya kucheka. Zamani nilikuwa nacheka pia. Siku hizi nataka tuliongee hili swala kama watu wazima, kwa sababu wewe unayecheka na mimi ninayechekwa tulifanya karatasi moja, siku moja, saa moja.

Ndera kama hujafika, panda basi Mombasa, pita Malindi, fika Garsen, kisha shika barabara ya Hola. Mto Tana uko kulia kwako, huuoni, unaona tu mstari wa miti mirefu ya kijani kwa mbali. Huko ndiko vijiji viliko. Wapokomo na mashamba yao ya maembe, ndizi na mpunga. Waorma na Wardei na ng'ombe wao. Vijiji vingine viko ng'ambo, na kwenda ng'ambo ni mtumbwi.

Watu wa mto wana kipimo chao. Mvua ikipiga huko juu Mlima Kenya, na mabwawa ya Seven Forks yakijaa, swali kijijini ni moja tu: Garissa maji yamefika mita ngapi? Maana maji yakipita Garissa, baada ya siku chache yako mlangoni kwako. Sasa sikiza. Sijawahi kumsikia mzee yeyote akiulaumu ule ubao wa kupimia maji. Na sijawahi kumwona mtu akisikia namba ya Garissa kisha akaenda kulala. Anahamisha magodoro, anahamisha mbuzi, anavuna mahindi hata kama ni machanga.

KCSE nayo ni ubao. Shida yangu si ubao. Shida yangu ni kwamba namba zinasomwa kila mwaka, tangu mtihani huu uanze mwaka 1989, kisha sisi sote tunalala.

Chukua matokeo ya 2024. Watahiniwa walikuwa zaidi ya 962,000. Waliopata C+ na zaidi, ile alama ya kukupeleka chuo kikuu moja kwa moja, walikuwa kama 246,000. Yaani mmoja kati ya wanne. Hao watatu waliobaki hawakutawanyika nchini kama mbegu za kutupwa ovyo. Wengi wanatoka shule za kutwa za kaunti ndogo, zile ambazo hazionekani kwenye televisheni. Na darasa hilo hilo la 2024, kumbuka, lilipitia nini: mafuriko ya Novemba 2023 likiwa Kidato cha Tatu, kisha mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Serikali iliahirisha kufungua shule kote nchini hadi 13 Mei. Kwa wa Nairobi hiyo ilikuwa wiki mbili za kukaa nyumbani. Kwa kijiji cha mto ambacho darasa limeingia maji, au limegeuka makazi ya waliohamishwa, hesabu ya wiki mbili ni masihara.

Na angalia kalenda yenyewe. Mtihani ni Novemba. Mvua za vuli ni Novemba. Mwaka 2023 helikopta zilitumika kufikisha karatasi kwenye maeneo yaliyokatwa na maji, na mimi nilipongeza, kazi nzuri. Lakini helikopta ilileta karatasi. Haikuleta vipindi vya Fizikia vilivyopotea.

Wacha nikupe kisa changu, ndio uelewe kwa nini hili linaniuma. Nilisoma shule ya upili ya kando ya mto, sitaitaja, walimu wangu walijitahidi. Kemia ina karatasi ya tatu, ya vitendo. Kuna kifaa kinaitwa bureti, bomba refu la kioo lenye namba, unafungua koki maji yanashuka tone kwa tone. Bureti tulizichora daftarini miaka mitatu. Kuishika kwa mkono wangu ilikuwa mara moja tu, kwenye mtihani wa majaribio, tukiwa watu kumi na kitu kwa moja. Siku ya mtihani wenyewe nikapewa yangu peke yangu, nikafurahi kama mtoto wa Idd. Nikasoma namba kama nilivyozoea kuona ubao wa mto ukisomwa: kutoka chini kwenda juu. Mazee, bureti sifuri yake iko juu. Inasomwa kushuka. Nilijua kwa kichwa, mkono haukujua. Jedwali lote likaenda hivyo, na hapo usahihi wa namba zako unalinganishwa na zile mwalimu wako alizopata.

Sikuambulia C+. Nikapata nafasi ya diploma Mombasa, nikaacha mwaka wa pili kwa karo na kwa kuchoka, nikaanza kuandika. Silii. Nakwambia tu kwamba alama zilizopotea pale hazikupima akili yangu wala bidii yangu. Zilipima ni mara ngapi nimeshika bomba la kioo.

Sasa utaniuliza, si serikali inalipia kila mwanafunzi sawa? Ndiyo, na hapo ndipo penye mtego. Kiwango rasmi cha mwanafunzi wa sekondari ni Sh22,244 kwa mwaka. Shule yenye watoto 1,500 inahesabiwa zaidi ya Sh33 milioni. Shule ya kijiji yenye watoto 90 inahesabiwa kama Sh2 milioni. Lakini maabara haijui mko wangapi. Jengo ni jengo, tangi la gesi ni tangi la gesi, na mwalimu wa Fizikia ni mmoja, hata akifundisha watoto sita. Usawa wa kugawa kwa kichwa unaipa shule kubwa maabara na shule ndogo chaki. Na hata hizo hazifiki zote: Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge waziwazi kwamba bajeti haiwezi kubeba kiasi hicho chote.

Kuna wanaosema basi tufute mtihani, tumalize. Mimi siko nao. Ukifuta mtihani, mtoto wa mwenye jina atapata nafasi kwa simu moja, na wa Ndera hatakuwa hata na karatasi ya kubishania. Mwaka 2016, Fred Matiang'i alipokaza kamba dhidi ya udanganyifu, A za nchi nzima zilianguka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka uliotangulia hadi 141. Zile A zilikuwa za nani? Si za watoto wa mtumbwi, nakuhakikishia. Wizi wa mtihani unataka pesa.

Marekani walijaribu kitu mwaka 2002. Sheria yao ya No Child Left Behind ilizilazimisha shule za umma zipime watoto kila mwaka na zitangaze matokeo kwa makundi: weusi, weupe, maskini, wenye ulemavu, wageni wa lugha. Wazo zuri, maana wastani wa shule huficha watu. Lakini wakaweka na fimbo: ifikapo 2014 kila mtoto awe amefikia kiwango, shule ikishindwa inaadhibiwa. Kilichotokea Atlanta ni walimu kufuta majibu ya watoto na kuandika yaliyo sahihi; mwaka 2015 kumi na mmoja walipatikana na hatia. Mwaka huo huo sheria ikabadilishwa. Majirani zetu Tanzania nao, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa Kidato cha Nne wa 2012 walipopata sifuri, serikali iliagiza matokeo yapangwe upya. Ukisogeza namba kwenye ubao, maji hayashuki.

Ninachokipenda cha Marekani ni kile kipande cha kwanza, cha kutangaza kwa makundi. Nataka Januari ijayo, Waziri akisoma A ngapi, asome pia kwa kaunti ndogo: shule ngapi zilifanya Kemia ya vitendo bila maabara, ngapi hazikuwa na mwalimu wa Hisabati, siku ngapi zilipotea kwa maji au ukame. Tana River ilikuwemo kwenye orodha ya kwanza ya kaunti 14 zilizotajwa zimetengwa, na Katiba kifungu cha 204 iliunda Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya watu kama hawa. Maji, barabara, afya, umeme ndivyo vilivyoandikwa. Maabara bila maji na umeme ni stoo tu, kwa hivyo hata hapo kuna mlango.

Na usifikiri CBC imelimaliza hili. Waliofanya KJSEA 2025 walipangiwa sekondari pevu kwa asilimia 60 ya mtihani huo, 20 ya KPSEA ya Gredi ya 6, na 20 ya tathmini za shuleni. Hilo nalipenda, siku moja ya mafuriko haikumalizi. Lakini kila sekondari pevu inatakiwa ifundishe STEM. Kila moja. Januari 2026 watoto wa Gredi ya 10 wameingia, STEM imeandikwa kwenye fomu zao, na wengine wamepangiwa shule ile ile ya kutwa iliyokuwa na bureti za kuchora. Watamaliza 2028.

Kama una binamu au mdogo wako kwenye shule hizo, mpigie leo jioni. Usimuulize anapata alama ngapi. Muulize bureti ziko ngapi, na wako wangapi darasani, kisha niandikie.