Aachaye Unga Asifukuzwe Kazini

Katika Jiji la Dodoma kuna kituo cha Itega, kilicho chini ya Hospitali ya Mirembe, ambako asubuhi watu hupanga foleni wakinywa dawa iitwayo methadoni mbele ya mhudumu. Wengi wao hapana budi wafike kila siku, kwa maana nguvu ya dawa hiyo haivuki sana siku moja. Nasi twauliza: mmoja wao akiwa mfanyakazi mwenzetu, akachelewa kazini kwa ajili ya foleni hiyo, je, tutamfukuza?

Twalijua jibu la wengi. Husema kwamba teja ni mwizi na mvivu, na kwamba angetaka kuacha angeacha. Hatuwalaumu, maana hata sisi zamani tulinena hivyo hivyo, kwa kutojua yanayotendeka ndani ya mwili.

Heroini, ambayo vijana huiita unga, hutengenezwa kwa mofini itokayo katika afyuni. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuiuza kama dawa ya kikohozi! Ikivutwa au ikidungwa, hufika ubongoni upesi na kugeuka tena kuwa mofini. Huko ubongoni mna vipokezi, mfano wa kufuli, ambavyo vipo kwa ajili ya dawa ambayo mwili hujitengenezea wenyewe ili kutuliza maumivu. Mofini ni ufunguo wa bandia, nao hufungua kufuli hizo kwa wingi na kwa mkupuo. Maumivu hutoweka, dopamini hufurika, na ubongo hujiwekea kumbukumbu kwamba jambo hili lapita hata chakula. Papo hapo pumzi hupungua, na hiyo ndiyo njia ambayo unga huua.

Lakini ubongo nao hujibu. Unga ukija kila siku, ubongo hupunguza usikivu wake, hata kiasi cha jana kisitoshe leo. Huo ndio usugu. Na unga ukikosekana, saa chache tu baadaye arosto huingia: miayo, kamasi, machozi, jasho, vinyweleo kusimama, mifupa kuuma, kutapika na kuhara, na usingizi usipatikane. Mtu wa hali hiyo hatafuti raha tena, atafuta asiumwe. Hapo ndipo sufuria ya mama yake inapouzwa.

Wako wazazi wamfungiao kijana chumbani wiki mbili mpaka arosto iishe, kisha wakashukuru. Twawaonya kwa upendo. Arosto ikiisha, usugu nao umeshuka, bali ile kumbukumbu ya ubongoni haijafutika. Kijana akirudi kijiweni na kutumia kiasi chake cha zamani, pumzi yaweza kukatika kabisa. Wako waliozikwa katika siku zile zile ambazo jamaa zao walidhani wamekwisha pona.

Methadoni ilianza kutolewa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011. Hiyo nayo hufungua kufuli zile zile, twakiri, na wapo wanenao kwamba ni kubadili ulevi kwa ulevi. Sivyo. Hunywewa kwa kipimo cha daktari, huingia polepole, huzuia arosto kutwa kucha, na mtu huweza kushika kazi yake. Tena haina sindano ya kupokezana, ile ienezayo UKIMWI na homa ya ini.

(Na pombe je? Hiyo nayo hufunga mtu, na mlevi wa miaka mingi akiiacha ghafula bila daktari aweza kufa kwa degedege. Hatuipigii kelele sana, pengine kwa kuwa wengi wetu twainywa.)

Sheria ya mwaka 2015 ni kali kwa wauzaji wa dawa za kulevya, na iendelee kuwa kali. Sisi leo twanena juu ya mgonjwa aliyekwisha kukubali tiba, ambaye akinyimwa kazi atakosa hata nauli ya kufika Itega. Viongozi wa matawi ya wafanyakazi na walipeleke jambo hili kwa waajiri: aliye kituoni asubuhi aingie kazini saa nne, naye afidie jioni. Barua ya kituo itoshe kuwa ushahidi, ikae kwa msimamizi peke yake, wala isisomwe mbele ya wenzake.