Jina Jipya, Tairi la Zamani

Lugha ya biashara ina hulka ya kukibatiza upya kitu cha zamani na kukiuza kwa bei ya kitu kipya. Katika miaka ya karibuni imeenea duniani aina ya baiskeli inayonasibishwa na changarawe. Mnamo 2021 mbio zake za siku nne zilianzishwa hapa nchini, Maasai Mara. Mwaka uliofuata yakafanyika Italia mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia. Mwaka uo huo, mwezi wa Agosti, Kenya ilimpoteza Suleiman Kangangi katika mbio za namna hiyo huko Vermont, Marekani.

Jina lenyewe sina ugomvi nalo. Kokoto ni mawe yaliyovunjwa kwa ajili ya zege, ilhali changarawe ni vijiwe vilivyochanganyika na mchanga. Na yeyote aliyepita njia za ndani za Kasikeu, akitoka Sultan Hamud kuelekea vilimani, anajua ni kipi kati ya viwili hivyo kinachomwangusha mtu. Ninachouliza ni iwapo kitu chenyewe ni kigeni kama jina lake.

Baiskeli ya mashindano ya lami ina tairi jembamba, milimita 25 hadi 30 hivi, lililojazwa upepo hadi likawa gumu. Juu ya lami hapana kifani. Ikiingia mchangani humtupa mpandaji. Ile ya mlimani ina tairi la milimita 55 hivi, na springi katika uma wa mbele. Ya changarawe imekaa kati ya hizo mbili: tairi la milimita 35 hadi 50, upepo wa kiasi, fremu ndefu kidogo ili isiyumbe, usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, na kwa kawaida haina springi.

Sasa tuipime Black Mamba, ile nyeusi ya chuma ambayo wazee wetu waliibebesha maji, mahindi na hata wagonjwa. Tairi lake la inchi 28 kwa 1½ lina upana wa milimita 38 hadi 40. Naam, huo ndio upana unaochaguliwa leo na wanunuzi wengi wa baiskeli za changarawe! Fremu yake nayo ni ndefu, na springi za uma haikuzijua kamwe.

Sidai kwamba ni mamoja. Black Mamba ina kilo 20 hivi, haina gia, na breki zake za fimbo za chuma hazishiki vyema rimu ikilowa mvua ya Novemba. Ya changarawe ina kilo 10 hivi, gia kumi na zaidi, na breki za sahani zinazoshika hata matopeni. Kwa mwanafunzi anayepanda kilima alfajiri, tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Lakini bei yake yaweza kulipa karo ya bweni ya zaidi ya mwaka mmoja, na tairi likipasuka, usitarajie kupata jingine katika duka la sokoni ambako la Black Mamba halikosekani.

Hasara kubwa, hata hivyo, haitokani na hiyo ya changarawe, ambayo wachache watainunua. Inatokana na ile ya mlimani ya bei nafuu. Mzazi husikia neno "mlimani", akatazama kilima kilicho mbele ya nyumba yake, akatoa fedha. Springi duni huongeza uzito, na kila mtoto anapokanyaga pedali sehemu ya nguvu zake huishia kuzibonyeza. Gia hujaa vumbi, chuma chake chepesi hupinda, fundi wa kijijini hana vipuri. Baada ya mihula miwili baiskeli imeegemezwa ukutani na mtoto amerejea kutembea kwa miguu.

Utafiti uliofanywa vijijini Zambia, ambako wasichana wa shule walipewa baiskeli, ulionyesha kwamba muda wa kwenda shuleni ulipungua kwa thuluthi moja hivi, na siku za kukosa masomo kwa zaidi ya robo. Zilikuwa baiskeli za chuma, zenye karia imara na gia moja tu, na breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Mimi ningeongeza gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu, mbali na vumbi. Utaalamu huo Waingereza wanao tangu 1902.

Kwa hiyo wafadhili na wakuu wa shule wanaponunua baiskeli, wasiulize jina. Waulize upana wa tairi, uzito, na kama kipuri kinapatikana sokoni. Mwalimu wa fizikia aweza kuwatoa wanafunzi uwanjani na rula, wapime kila tairi lililoegeshwa hapo na kuandika ni baiskeli zipi zingali zinatembea, kisha bodi ya shule ikabidhiwe namba hizo kabla ya zabuni ijayo.